Jinsi ya Kukagua Nyumba ya Mlimani: Anzia Kilima Kilicho Nyuma Yake

Mimi ni mwashi. Nimejenga miaka mingi kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Bududa na Namisindwa, mashariki mwa Uganda, na kazini kwetu Kiswahili ndicho kinachotuunganisha: mmoja Mgisu, mwingine Msabiny, mwingine amevuka asubuhi kutoka Lwakhakha ya Kenya. Watu huniita wakisema, "Fundi, ukuta umepata ufa, njoo uuzibe." Siku hizi nikifika siutazami ukuta kwanza. Nawasalimia wenyeji, naomba panga, napanda nyuma ya nyumba.

Sababu ni hii. Jioni ya tarehe 1 Machi 2010 mlima ulikatika juu ya Nametsi, wilayani Bududa, ukafunika nyumba, maduka na kituo cha afya. Waliokufa wanakadiriwa kupita 300. Oktoba 2018 maporomoko ya Bukalasi, Bududa hiyohiyo, yaliingia mto Suume, na mto ukashuka na mawe na magogo hadi kwa watu waliokuwa mbali kabisa na pale ardhi ilipokatika. Novemba 2024 msiba ukafika wilaya ya Bulambuli, katika kijiji cha Masugu na jirani zake. Nyumba ya matofali ya kuchoma na nyumba ya fito na udongo zilikwenda pamoja. Saruji haikumwokoa mtu.

Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni kwa mwenye nyumba, kwa kamati ya kijiji, na kwa mwalimu mkuu mwenye madarasa mlimani. Mjiolojia bado anahitajika. Lakini ukishafanya haya utajua ni lini umwite, na akija utajua pa kumpeleka.

Vifaa na wakati

Tafuta tepu, pimamaji, ubao ulionyooka wa urefu wa mita 1, vigingi kumi vya mti mgumu, misumari, kopo la bati lenye pande zilizosimama wima, penseli na daftari. Vaa gambuti.

Kagua mara mbili kwa mwaka. Januari au Februari ardhi ni kavu na majani ni machache, hivyo umbo la mlima na nyufa huonekana vizuri. Aprili au Mei rudi tena njia ileile, safari hii ukifuata maji. Mtu aliyekagua kiangazi peke yake ameona nusu tu ya kilima chake.

Hatua ya 1: Waulize waliokutangulia

Usimuulize mzee, "Je, hapa kuna hatari?" Atakujibu kwa adabu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Muulize mambo yanayoshikika. Mahali hapa panaitwaje, na jina lilitoka wapi? Mlikuwa mkichota maji wapi zamani? Njia ya kwenda sokoni ilipita wapi kabla ya hii? Lile jiwe katikati ya shamba lilifikaje pale?

Siku moja nilikuwa nikipima kiwanja cha kijana mmoja aliyetaka kuoa. Kiwanja kizuri, karibu tambarare, udongo mweusi wenye rutuba, na pembeni jiwe kubwa kama jiko. Bibi yake akatoka, akaegemea mkongojo, akasema, "Mwanangu, nilipoolewa hapa jiwe lile halikuwepo." Sikuhitaji kipimo kingine. Kile kitambarare kizuri kilikuwa tope la poromoko la zamani lililotulia, na njia iliyolileta bado iko wazi juu yake. Viwanja vingi vinavyovutia mlimani ni vya namna hiyo, ndiyo maana vinavutia.

Hatua ya 2: Panda juu

Panda angalau mita 200 juu ya nyumba, au mpaka mgongo wa mlima kama uko karibu. Ukiwa njiani soma umbo kwanza. Mteremko wenye umbo la kijiko, ulioingia ndani katikati na kuinuka pembeni, hukusanya maji ya pande zote na kuyaelekeza mahali pamoja. Maporomoko mengi ya Elgon yameanzia kwenye vijiko vya namna hii. Mgongo uliotokeza hujimwagia maji pande mbili, na mara nyingi ni salama zaidi, ingawa upepo unawachosha wakaao huko.

Kisha pima mwinuko. Weka ncha moja ya ubao wa mita 1 ardhini upande wa juu, ulaze mpaka pimamaji ioneshe sawa, halafu pima kwa tepu kutoka ncha ya pili kwenda chini hadi ardhini. Ukipata sentimita 27, mteremko ni digrii 15. Sentimita 36 ni digrii 20, 47 ni digrii 25, 58 ni digrii 30, na 70 ni digrii 35. Pima mahali patano au sita, kwa sababu macho ya mtu aliyezaliwa mlimani hudanganywa na mazoea. Mimi nikipita sentimita 27 naanza kutafuta dalili kwa makini. Nikipata sentimita 47 ndani ya kijiko chenye udongo mzito, sikubali kujenga chini yake hata nikiahidiwa nini.

Udongo nao utazame pale barabara au njia ilipouchonga mlima. Elgon ni volkano ya kale iliyozimika, na mawe yake yameoza kwa muda mrefu yakawa mfinyanzi mzito. Chukua tonge, lilowanishe, liviringishe kati ya viganja. Ukipata kamba nyembamba kama penseli isiyokatika, huo ni mfinyanzi: hunywa maji polepole, huyashika, huwa mzito. Chini yake utaona tabaka la kijivu linalonata, au jiwe lililooza nusu. Maji yakichuruzika kwenye mpaka wa matabaka hayo mawili, umeona pale ardhi ya juu inapoweza kuteleza.

Sasa nyufa. Kiangazi mfinyanzi wote hupasuka, na watu huogopa bure au, vibaya zaidi, huzoea na kudharau. Nyufa za ukavu ni fupi na zimesambaa kila upande kama wavu. Ufa wa mlima unaotaka kuondoka ni mmoja, mrefu, umepinda kama mwezi mwandamo huku ncha zake zikielekea chini, na mara nyingi upande wa chini umeshuka kidogo kuliko wa juu. Ukiuona, usiufukie kwanza. Piga kigingi upande huu na kigingi upande wa pili, kila kimoja na msumari kichwani, upime kati ya msumari na msumari, uandike tarehe. Rudia kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa.

Familia moja niliyoifundisha hivyo iliikabidhi kazi hiyo kwa binti yao wa darasa la sita. Daftari lake lilikuwa hivi, kwa sentimita: Jumatatu 61.0. Jumatatu 61.0. Jumatatu 61.4. Ijumaa baada ya mvua 63.2. Mzee wa nyumba alitazama namba ya mwisho, akafunga daftari, usiku ule wakalala kwa ndugu ng'ambo ya mgongo. Mvua zote walikaa huko. Hakuna aliyewalazimisha. Aliyewahamisha ni mtoto mwenye tepu.

Nyufa zenye vigingi unaweza baadaye kuzijaza mfinyanzi na kuushindilia ili maji yasiingie, lakini viache vigingi na uendelee kupima. Kujaza kunapunguza maji tu, mlima haujapona.

Dalili nyingine ziko shambani. Mstari wa kahawa uliopandwa kwa kamba na sasa umejipinda kuelekea chini. Mti wenye kiwiko, shina lake limeinama kisha likanyooka tena. Nguzo za ua zilizoegemea upande mmoja. Njia iliyopata ngazi ambayo hakuna aliyeichimba. Chemchemi mpya, au ya zamani iliyokauka ghafla, au inayotoa maji ya tope bila mvua. Matete yanayostawi mahali ambapo jana palikuwa pakavu. Dalili moja peke yake yaweza kuwa na sababu nyingine, lakini zikikutana tatu mahali pamoja, weka alama nyekundu kwenye ramani mtakayoichora katika Hatua ya 7.

Hatua ya 3: Genge la nyuma

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo sisi mafundi tunapohatarisha watu kwa mikono yetu wenyewe.

Mlimani hakuna kiwanja tambarare, kwa hiyo tunakichimba. Tunakata mteremko, udongo tunautupa mbele, nyumba inakaa nusu juu ya ardhi ngumu na nusu juu ya kifusi. Nyuma linabaki genge la udongo lililosimama wima. Poromoko kubwa la kufunika kijiji huja mara chache. Genge la nyuma ya nyumba linaloangukia chumba cha kulala huja kila msimu, na kwa sababu linaua mtu mmoja au wawili halifiki mbali kwenye habari.

Jiko la shangazi yangu nililichimbia mimi. Genge lilikuwa la mita 2.8, na nafasi kati yake na ukuta ilimtosha mtu mmoja kupita na ndoo. Mwezi wa Mei, mvua ya usiku wa tatu mfululizo, udongo wa kujaza lori dogo ulishuka, ukasukuma ukuta wa nyuma, ukuta ukaangukia mafiga. Ilikuwa saa tisa usiku. Ingekuwa saa moja jioni, wajukuu wangekuwa wamezunguka pale wakiota moto. Nilikwenda asubuhi nikaondoa tope kwa koleo, nikaokota mwiko na sufuria iliyobonyea, na tangu siku hiyo napima nafasi ya nyuma kabla ya kupima chumba.

Kipimo changu ni rahisi kukumbuka: nafasi kati ya ukuta na genge isipungue kimo cha genge. Genge la mita 3, nafasi ya mita 3. Kama hakuna nafasi, genge lichongwe kwa ngazi, ngazi baada ya ngazi, kila moja isizidi mita 1 na iwe na mfereji wake na nyasi zenye mizizi mirefu kama vetiva. Ukuta wa mawe wa kuzuia udongo nao unafaa, mradi ujengwe na mtu anayejua: kitako kipana, mawe makubwa, kokoto nyuma yake, na matundu ya kutolea maji. Ukuta mwembamba wa tofali moja uliosimamishwa mbele ya genge ni hatari kuliko kuacha wazi, kwa sababu unawafanya watu walale usingizi.

Na kama leo huna hela ya lolote, leo hii hamisha vitanda. Watoto walale chumba cha mbele, chumba cha nyuma kiwe cha gunia la mahindi na majembe. Hilo halihitaji fundi.

Upande wa mbele usiusahau. Chukua kipande cha nondo, kisukume ardhini karibu na msingi kwa uzito wa mwili wako. Kikizama kwa urahisi hadi goti, msingi umekaa juu ya kifusi. Nyumba ya namna hiyo hupasuka katikati, ufa ukiukata mteremko kwa upana, nusu ya mbele ikijitenga na nusu ya nyuma.

Hatua ya 4: Fuata maji

Mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati la mita 6 kwa 8 ni mita 48 za mraba. Usiku wa mvua ya milimita 60, paa hilo linamwaga lita 2,880, karibu madumu 144 ya lita 20. Kama hakuna gata, yote yanaingia ardhini miguuni pa nyumba yako au kichwani pa jirani wa chini. Kwa hiyo simama nje mvua inaponyesha, fuata maji ya paa hadi yanapoishia. Gata iongoze kwenye tangi au kwenye mfereji uliosakafiwa kwa mawe, na mfereji uishie kwenye kijito cha asili. Ukiuishiza juu ya shamba la jirani, umemhamishia hatari, na hilo zungumzeni mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kabla ya kuchimba.

Choo cha shimo kisiwe juu ya nyumba wala karibu na ukingo wa genge. Bomba la maji lililopasuka juu ya kijiji ni dharura. Usilichukulie kama usumbufu tu.

Jambo moja wakulima hawapendi kulisikia. Matuta ya fanya juu (udongo wa mtaro ukitupwa upande wa juu) na mitaro ya kuyazuia maji shambani ni kitu chema kwa udongo na kahawa, nami nimeyachimba kwa baba yangu. Lakini kwenye mteremko mkali wenye mfinyanzi mzito, juu ya nyumba za watu, mtaro unaoyasimamisha maji unayalazimisha kuingia ndani ya kilima. Hapo mtaro uwe na mwinuko mdogo wa kuyatoa pembeni.

Hatua ya 5: Korongo na mto

Bukalasi ilitufundisha kwamba unaweza kuwa mbali na poromoko na bado likufikie kupitia mtoni. Kasese, magharibi mwa nchi, wanalijua hilo pia: mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013 ukashusha mawe makubwa kutoka Rwenzori hadi Kilembe, na Mei 2020 ukarudia. Kanuni za nchi zinataka uache mita 30 kutoka ukingo wa mito midogo, na mita 100 kwa mikubwa iliyoorodheshwa. Zifuate, lakini usizitegemee peke yake. Mdomoni mwa korongo, pale linapofunguka na ardhi kutandazika kama kipepeo cha mkono, mawe yenyewe yatakuambia mto ulifika wapi zamani. Nyumba iliyo chini ya kiwango cha mawe hayo iko njiani, iwe mita 30 au 80.

Hatua ya 6: Sasa ingia ndani

Ukuta unasomwa haraka ukishausoma mlima. Ufa wa plasta ni mwembamba, na ukiibandua plasta tofali ni zima. Ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha ukishuka kwa ngazi kupitia viungo vya matofali ni wa msingi kusogea. Mlango uliofungika vizuri mwaka jana na sasa unakwama, sakafu iliyoachana na ukuta, chupa inayoviringika yenyewe chumbani: andika yote. Paka kiraka cha plasta juu ya ufa, ukikwaruze tarehe. Kiraka kikipasuka, nyumba bado inatembea.

Ndugu zetu wa magharibi, Fort Portal, Kasese na Bundibugyo, waongeze ukaguzi wa tetemeko. Lile la tarehe 20 Machi 1966 na lile la tarehe 5 Februari 1994 yaliangusha nyumba na kuua watu, na kwenye miteremko tetemeko hulegeza udongo pia. Huko tazama kama kuna mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka kuta zote juu ya madirisha, kama kona zimefungana, na kama pembetatu ya ukuta chini ya paa imeshikwa. Matofali ya pembetatu hiyo ndiyo huanguka kwanza.

Hatua ya 7: Amua, na mwamue pamoja

Chora kijiji kwenye karatasi kubwa: nyumba, njia, mito, vijiko, nyufa. Paka rangi tatu. Usijumlishe alama ukagawanya, maana nyumba yenye kuta bora chini ya ufa unaosogea haipati wastani. Ufa uliopanuka kwenye vigingi, nyekundu. Nyumba kwenye njia ya poromoko la zamani, nyekundu. Genge refu lenye nafasi finyu, njano mpaka lirekebishwe, na nyekundu likianza kutoa maji. Nyumba iliyobaki bila dalili yoyote ni kijani, ila ikaguliwe tena msimu ujao.

Ramani ipelekeni kwa LC1, kisha gombolola (kaunti ndogo), kisha kamati ya maafa ya wilaya, mkiomba mjiolojia kwa sehemu nyekundu. Idara ya Jiolojia na Migodi iko Entebbe, na mambo ya maafa na uhamisho yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Ambatisheni nakala ya daftari la vigingi. Ombi lenye namba na tarehe ni vigumu kuliweka kando.

Kuhusu kuhama, naomba tusisemane vibaya. Baada ya 2010 familia zilipelekwa Kiryandongo, mbali upande wa magharibi, na kuanzia 2019 nyingine Bunambutye, kwenye tambarare ya Bulambuli, na wapo waliorudi. Mtu mwenye kahawa iliyopandwa na babu yake, na kaburi la babu huyo chini ya mgomba, si mjinga akirudi. Ninachopendekeza vijijini ni kutenganisha shamba na kitanda: lima juu, lala kwenye mgongo au ng'ambo. Kwa wengi hiyo ni mwendo wa nusu saa asubuhi.

Hatua ya 8: Usiku wa mvua

Lile kopo liweke mahali wazi, mbali na miti. Kila siku saa moja asubuhi pima kimo cha maji kwa rula, andika milimita, mwaga. Baada ya msimu mmoja linganisha na daftari la vigingi: mvua ya kiasi gani, ya siku ngapi, ndiyo iliyousogeza ufa wenu? Kikomo cha kijiji chenu wekeni chini ya hapo, na kikifikiwa, walioko kwenye nyekundu waondoke kabla ya giza.

Usiku, mto ukipungua ghafla huku mvua bado inanyesha, kuna kitu kimeuziba juu. Usiende kuangalia. Ukisikia miti ikivunjika au mngurumo usiokoma, kimbia kwa upande, kuelekea mgongo, kamwe usikimbie kufuata bonde kwenda chini. Mahali pa kukutania pakaguliwe kama nyumba yoyote, kwa sababu Nametsi hata kituo cha afya kilifunikwa.

Pangeni mapema nani anambeba bibi, nani anamwamsha jirani asiyesikia vizuri, nani anashika tochi. Usiku wa mvua mlango usifungwe kwa kufuli, komeo la ndani linatosha, na gambuti za watoto zipangwe pale mlangoni, kila jozi na mwenyewe.